Mwongozo: kuingia programu ya wahitimu kwa kampuni ya kudizaini ukiwa Mombasa

Hii ni ya wale mliomaliza uinjinia, akitekcha ama kitu cha karibu na hapo, mko Mombasa ama Kwale ama Kilifi, na mnataka kuingia kwa zile kampuni zinazodizaini majumba, barabara, madaraja na mambo ya maji. Konsaltansi. Sio kontrakta, hapo ndo wengi wanachanganya na barua yao inaenda kapuni saa hiyohiyo. Ntaipanga kwa hatua, ila hatua zingine ni fupi na zingine ni ndefu, manake ile ya potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, pekee yaweza kukula mwezi mzima na ile ya makaratasi ni siku mbili tatu za kupanga foleni.

Hatua ya kwanza: elewa wanauza nini

Konsaltanti hajengi. Mteja ana hela na shida yake, kontrakta ana mafundi na mashine, na hapo katikati kuna huyu konsaltanti anayechora, anayepiga hesabu, anayeandika makaratasi ya tenda, halafu baadaye anaenda saiti kuangalia kama kile alichochora ndicho kinachojengwa. Hana simiti ya kuuza wala kokoto. Anauza masaa ya watu wanaojua. Kila mtu mle ofisini anajaza karatasi ya masaa, kazi hii nimekaa manne, ile mawili, na hata pale bei ilipokubaliwa ya jumla bado ni yale masaa yanayoonyesha kama kazi ina faida ama inawala.

Sasa wewe mhitimu mpya masaa yako hayauziki vizuri. Ukichora kitu masaa sita, mkubwa anakaa mawili kukagua, anakirudisha na kalamu nyekundu, unarudia, anakagua tena. Wanalijua hilo na bado wanachukua wahitimu, kwa sababu wakikosa wahitimu leo hawatakuwa na mainjinia kesho. Lakini wakishika karatasi zako kuna swali wanajiuliza hata kama hawalisemi: huyu tukimuajiri Jumatatu, Ijumaa atakuwa ashapewa kazi gani, na itamchukua mtu masaa mangapi kumkagua? Shika hilo swali. Sivii, barua, potifolio, intavyuu, vyote vinajibu hilo tu. Watu wengi wanajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, mimi nina bidii, mimi napenda changamoto, mimi ni mtu wa timu, na msomaji yuko pale ashayasoma maneno hayohayo tangu asubuhi.

Programu yenyewe, kwa kampuni kubwa, ni miaka miwili mitatu hivi ambapo unazungushwa, unakaa upande wa dizaini, unapelekwa saiti, una mtu mzima wa kukusimamia na una kitabu cha kuandika kazi zako. Kampuni ndogo haina jina la programu, inachukua mhitimu mmoja kazi ikiingia, na wallahi wakati mwingine huko ndo unafundwa zaidi kwa sababu hakuna wa kukuficha nyuma ya timu.

Hatua ya pili: karatasi zako zinatambuliwa na nani

Fanya hii mapema, ni rahisi na inaumiza ukiichelewesha. Kama ni injinia, bodi yako ni EBK, Bodi ya Mainjinia ya Kenya. Sheria ya mainjinia ya 2011 inataka digrii inayotambuliwa na bodi, unajisajili kama injinia mhitimu, halafu unafanya kazi ya vitendo muda usiopungua miaka 3 kabla hujaomba kusajiliwa kuwa injinia kamili. Kwa hiyo hii kazi unayotafuta sio mshahara tu, ndo hiyo miaka mitatu yako. Kama una digrii ya teknolojia ama diploma, bodi yako ni nyingine, KETRB, ya watu wa teknolojia ya uinjinia, iliyokuja na sheria ya 2016, na usikubali mtu akwambie huna pako. Akitekcha na makadirio ya ujenzi ni BORAQS. Ingia kwa tovuti ya bodi uangalie kama kozi yako imo, usitegemee alichosema darasa mwenzio.

Waliosoma TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kitu kidogo tu: kuna wazee kwenye hizi ofisi walipita pale Tudor zamani ikiitwa Politekniki, na wale wazee zaidi wataitaja MIOME, jina lake la mwanzo kabisa. TUM imekuwa chuo kikuu kamili 2013. Kwa hiyo mtu akikuuliza "wewe ni wa Poli?" sio dharau, huenda ndo mlango umefunguka, jibu kwa heshima umuulize yeye alisoma miaka gani.

Hizi zingine ziweke tayari kwenye folda moja: kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, usajili wa SHA ya bima ya afya, na cheti cha tabia njema cha polisi ambacho unaomba kwa eCitizen, unalipa 1,050, kisha unaenda Huduma Centre kuweka alama za vidole. Usimpe mtu wa katikati hela ya kukufanyia.

Hatua ya tatu: tafuta kampuni kwa macho, sio kwa simu pekee

Ofisi kubwa nyingi ziko Nairobi, hilo tulikubali tusonge mbele. Lakini Mombasa kuna ofisi za mainjinia na maakitekti ambazo hata hazitangazi kazi, ziko orofa ya pili ya jengo fulani Moi Avenue ama Nkrumah Road, ama kwenye nyumba iliyogeuzwa ofisi kule Nyali, mlangoni kibao kidogo tu. Utazipataje?

Saiti. Kila jengo linalojengwa kihalali lina kile kibao kikubwa cha mabati pale mbele, kimeandikwa mteja, akitekcha, injinia wa muundo, wa stima, mtu wa makadirio, kontrakta. Watu wanakipita kila siku na tuktuk hawasomi. Tembea Kizingo, Nyali, Bamburi mpaka Shanzu, shuka, piga picha vibao, rudi nyumbani uandike orodha. Jina likitokea kwa vibao vitatu vinne, hiyo kampuni ina kazi sasa hivi, na mwenye kazi ndo anahitaji mikono. Tena utajua wanadizaini nini, hoteli ama nyumba za kupangisha ama maghala, kwa hiyo barua yako haitakuwa ya kubahatisha. Fanya hivyohivyo kwa kazi kubwa za serikali, barabara ya Mombasa kwenda Mariakani, huko Dongo Kundu, bwawa la Mwache kule Kwale, kibao kipo na jina la konsaltanti lipo.

Kutuma sivii moja ileile kwa kampuni arubaini ni kama kutupa jarife mahali hujui kama kuna samaki. Chagua nane ama kumi uzijue.

Kwenda mwenyewe ofisini inakubalika hapa kwetu zaidi kuliko Nairobi. Nenda asubuhi, usiende Ijumaa saa sita watu wanaenda msikitini, salimia yule dada ama mzee wa mapokezi vizuri manake yeye ndo anajua injinia yuko ama ametoka, mwite kwa heshima, sema umekuja kuacha barua na ungependa dakika tano za injinia kama ana nafasi, kama hana uulize siku gani ni nzuri. Basi. Usikae pale kwenye kiti mpaka jioni kuwabana watu.

Hatua ya nne: potifolio, hapa ndo kuna kazi

Nimeona potifolio nyingi za wahitimu na ugonjwa ni mmoja, picha zinang'aa, jumba la vioo liko juani, miti imepandwa kwa kompyuta, watu wazungu wanatembea, na hakuna hata ukurasa mmoja unaoonyesha mwenyewe alifikiri nini. Kumbuka lile swali la masaa. Picha inayong'aa haimwambii mtu kama kazi yako inakaguliwa kwa dakika kumi ama kwa siku mbili.

Weka kazi tatu, nne mwisho. Kurasa kumi na mbili hivi, PDF moja, isiwe nzito maana kuna mtu ataifungua kwa simu. Kila kazi iwe na shida ilivyokuwa, ulichodhania, hesabu, mchoro, na ulivyojikagua. Kama ilikuwa ya kikundi chuoni andika wazi sehemu yako ni ipi, "mimi nilifanya slebu na ngazi", usijipe jengo zima kwa sababu utaulizwa msingi na utanyamaza.

Na angalau moja iwe ya hapa. Kazi ya chuo kila mmoja wa darasa lenu anayo, mkaguzi ashaiona. Shida ya mtaani kwenu hana. Hebu nitoe mifano, mjue namaanisha nini.

Maji ya mvua. Mwisho wa 2023 ile mvua ya El Niño ilipiga Mombasa watu wakaingia maji majumbani, na bado kuna barabara za mitaani ambazo mvua ya saa moja tu zinageuka mto. Chukua kipande kimoja unachokijua. Pima kwa hatua ama kwa ramani eneo linalomwaga maji pale, tuseme nusu hekta, karibu yote ni mabati na lami kwa hiyo weka kiwango cha maji yanayotiririka cha 0.9, chukua mvua ya milimita 60 kwa saa kama dhana yako na uiandike kwamba ni dhana. Fomula ya kawaida ya maji ya mvua ni C, hicho kiwango, mara I, mvua, mara A, eneo kwa hekta, ugawe kwa 360. 0.9 mara 60 mara 0.5 ni 27, gawa kwa 360 unapata mita za ujazo 0.075, yaani lita 75 kila sekunde. Sasa nenda na utepe upime ule mtaro uliopo, uliza unabeba ngapi ukiwa safi na ngapi ukiwa umejaa mifuko na mchanga. Chora mtaro unaotosha, onyesha utamwaga wapi na mteremko unatoka wapi, maana kisiwani mteremko ndo taabu. Kurasa tatu tu. Hakuna softuwea ya bei, QGIS ya ramani ni ya bure na data ya miinuko ya SRTM ya mita 30 ni ya bure, ingawa kwa mtaa mmoja hiyo data ni ya kijumla mno, na ukiandika sentensi hiyo kwenye potifolio injinia atakaa wima.

Chumvi. Nenda mahali nyumba imejengwa karibu na pwani ukaangalie chini ya balkoni, utaona konkriti imebambuka na nondo nyekundu iko nje. Eleza kwa nini. Chumvi ya upepo wa bahari, ama mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa, inapenya mpaka kwa nondo, inaharibu ile ngozi ya kinga ambayo konkriti huipa chuma, chuma kinaota kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, konkriti inapasuka. Halafu onyesha dizaini yako ingefanya nini. Ukifuata BS 8110, ile kanuni ya zamani ya Uingereza ya dizaini ya konkriti, konkriti ya nguvu ya C40 inataka kava, yaani unene wa konkriti unaofunika nondo, ya milimita 40 kwenye mazingira makali, na pale marasharasha ya maji ya bahari yanapofika ni 50. Chora ukubwa wa kava, chora kile kijiwe cha kushikilia nondo, andika maelezo ya saiti kwa lugha ambayo fundi ataisoma. Ndo kazi ya wiki ya kwanza hiyo, michoro midogo ya maelezo, ukiionyesha kwa potifolio ushajibu swali.

Kwa maakitekti, Mji wa Kale uko pale bure na watu wanakwenda kupiga selfi. Pima chumba kimoja cha nyumba ya zamani kwa ruhusa ya wenyewe. Utakuta upana wake ni kama mita mbili na nusu mpaka tatu, chumba baada ya chumba, na sababu sio mapenzi ya mtu, ni boriti za mikoko, haziendi mbali zaidi ya hapo bila kulegea. Muundo uliamua chumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, vichochoro ni vyembamba kwa hiyo vina kivuli. Sasa dizaini nyumba ndogo ya leo Mtopanga ama Likoni, ukitumia kusi na kaskazi kupoza badala ya eisii, upande mrefu uelekee kaskazini na kusini kwa sababu huku jua linapita karibu juu ya utosi na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa. Onyesha mishale ya upepo, onyesha kivuli cha saa tisa alasiri. Kama utachora sehemu yoyote ya Mji wa Kale kumbuka ni eneo la hifadhi, huwezi kubomoa tu na kuweka vioo, na ukionyesha kwamba unajua kuna kibali cha makumbusho ushatangulia wengi.

Softuwea: AutoCAD lazima, kisha Revit ama ArchiCAD kulingana na upande wako, Civil 3D kwa wa barabara, na moja ya hesabu za muundo kama Prokon ama Tekla. Autodesk wanatoa leseni ya bure kwa wanafunzi, inayotolewa upya kila mwaka ukiwa bado chuoni, kwa hiyo mlio mwaka wa mwisho tumieni sasa. Usiandike "mtaalamu wa Revit" kama umechora nyumba moja. Andika umefanya nini nayo.

Hatua ya tano: sivii na barua

Fupi. Sivii kurasa mbili, bila picha yako, bila dini na kabila na hali ya ndoa. Atachimenti iandike kwa kazi sio kwa cheo: "nilikagua nondo za slebu kabla ya kumwaga konkriti, nilijaza fomu za ukaguzi, nilichora marekebisho ya mitaro" inasoma vizuri kuliko "nilikuwa mwanagenzi wa idara ya uinjinia". Kama ulifanya bandarini ama kaunti na ulikaa wiki nyingi unatumwa chai, tafuta kile kidogo ulichogusa ukieleze ukweli wake.

Barua ni aya tatu. Ya kwanza, kazi yao gani umeiona na kwa macho yako. Ya pili, kazi gani unaweza kukabidhiwa kuanzia mwanzo. Ya tatu, unapatikana lini. Faili iitwe jina lako na kitu chenyewe, sio "CV mpya mwisho kabisa 3". Imeli iwe na kichwa. Wakikaa wiki mbili kimya, andika tena mara moja kwa adabu, wakikaa kimya tena, endelea na maisha.

Hatua ya sita: zile kampuni za ng'ambo

Kuna wanaotaka Arup, Mott MacDonald, AtkinsRéalis (zamani Atkins) na wenzao. Sawa. Uingereza wengi wao hufungua maombi karibu na Septemba ama Oktoba kwa watu watakaoanza Septemba ya mwaka unaofuata, na nafasi zingine zinafungwa zikijaa hata kabla ya dedlaini, kwa hiyo ukisubiri Januari ushachelewa. Ni fomu ndefu, majaribio ya hesabu na ya kuamua mambo ya kazini, intavyuu ya video unayojirekodi, halafu siku nzima ya kupimwa kwa kikundi. Kwenye fomu kuna swali la kama una haki ya kufanya kazi kule bila kudhaminiwa viza. Jibu ukweli. Kwa nafasi nyingi za wahitimu jibu hilo peke yake linakutoa, ndo maana nasema usiweke mayai yako yote huko, soma kwanza kile kipengele cha viza kabla hujaipa fomu siku tatu za maisha yako.

Ile video ya kujirekodi: kaa ukiangalia dirisha, sio dirisha likiwa mgongoni, zima feni maana kelele yake inaingia, nunua bando mapema na uwe na simu iliyojaa chaji kwa sababu stima inajua siku ya intavyuu.

Hatua ya saba: intavyuu

Hapa kwetu mara nyingi ni watu wawili watatu mezani, potifolio yako imechapishwa, na kalamu. Watakupa karatasi. Bimu ya mita 6 imekaa juu ya nguzo mbili, mzigo kilonyutoni 10 kwa mita, niambie momenti, ile nguvu ya kuipinda. Hiyo ni w mara L mraba gawa kwa 8, yaani 10 mara 36 gawa 8, kilonyutoni-mita 45. Sawa, na kimo chake utaanza na ngapi? Ukikumbuka kwamba BS 8110 inaanzia uwiano wa urefu kwa kimo wa 20 kwa bimu ya namna hiyo, 6,000 gawa kwa 20 ni milimita 300 za kimo cha kazi, juu yake weka kava na nondo, sema basi ntaanza na 350 halafu nitakagua. Hilo neno "nitakagua" wanalisubiri. Wanaotumia Eurocode, kanuni za Ulaya, watakuuliza kwa njia yao lakini roho ya swali ni hiyohiyo, unaweza kupata jibu la karibu kwa kalamu kabla hujafungua kompyuta, ili kompyuta ikikupa upuuzi ujue ni upuuzi?

Halafu maswali ya huku. Kwa nini tunachimba mashimo ya uchunguzi hata mahali mwamba unaonekana juu? Kwa sababu matumbawe yana mapango na mashimo ndani, waweza kuweka nguzo juu ya jiwe ambalo chini yake ni hewa. Kontrakta ameleta mchanga na unaonja chumvi, unafanya nini? Usiseme "namfukuza". Wewe ni mhitimu, huna nguvu ya kumfukuza mtu. Unaandika, unapiga picha, unamjulisha injinia wa saiti, unaomba mchanga upimwe, na konkriti haimwagwi mpaka jibu lije kwa maandishi.

Usichokijua sema hujui kisha useme ungeanzia wapi kutafuta. Watu wa Pwani tuna ile haya ya kumjibu mkubwa, mtu anauliza, kijana anaangalia chini anacheka kidogo. Acha. Mwangalie, ongea polepole, mchoro wako mgeuzie upande wake aone. Ukiona amekosea kitu kuhusu kazi yako mrekebishe kwa upole, "samahani injinia, hapo nilichukua mzigo wa ghala sio wa ofisi". Huko saiti atakutuma uongee na makontrakta wenye sauti, anataka kujua kama una sauti pia.

Mavazi, shati safi na viatu vilivyofunika, suti na joto la Februari ni kujitesa bure kama ofisi ni ya hapa. Kwa ofisi za Nairobi vaa koti.

Nawe uliza. Nani atanisimamia, amesajiliwa na bodi? Nitapata saiti mwaka wa kwanza? Mna wahitimu wangapi waliofika usajili wakiwa hapa? Wakibabaika kwa hilo la mwisho, umepata habari.

Ukiitwa Nairobi, treni kutoka Miritini tangu mwanzo wa 2024 ni shilingi 1,500 kiti cha kawaida, kata tiketi mapema wakati wa sikukuu. Terminasi iko Syokimau, kutoka hapo mpaka mjini ni safari nyingine, ihesabie. Kama intavyuu ni asubuhi nenda siku ya kabla. Anayevuka feri kutoka Likoni aongeze saa nzima, mnajua wenyewe.

Hatua ya nane: ofa

Soma mkataba wote kabla ya kusaini, hata kama mama ashaanza kupiga simu kwa shangazi. Sheria ya ajira ya 2007 inasema muda wa majaribio usizidi miezi 6, na kuuongeza lazima nawe ukubali. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo. Mshahara unaotajwa sio unaofika: kuna kodi, kuna NSSF, SHIF ya afya ni asilimia 2.75 na ile tozo ya nyumba asilimia 1.5, kwa hiyo 50,000 inakatwa 1,375 na 750 kabla hata hujafika kwa hayo mengine.

Angalia kama kuna kipengele cha kukufunga, eti ukiondoka kabla ya miaka fulani unalipa gharama za mafunzo. Sio haramu lakini uliza kiasi gani na kinashuka vipi kila mwaka, na iandikwe. Uliza bima ya ajali ukiwa saiti, na nani ananunua buti na helmeti. Kuna ofisi moja niliyoijua ilimwita mtu "mhitimu" miaka minne akichora vyoo tu, bila msimamizi aliyesajiliwa, akaja kuambiwa na bodi ile miaka haihesabiki vizuri. Kwa hiyo jina la msimamizi lipate kwenye karatasi.

Na yeyote asikwambie usaini mchoro kwa niaba ya injinia, ama ubandike muhuri wake yeye akiwa safarini. Mhitimu hasaini michoro ya kujengwa. Mwambie nitakutumia uangalie, nitasubiri.

Hatua ya tisa: miezi ya mwanzo

Utapewa marekebisho. Mchoro umerudi na kalamu nyekundu, rekebisha, badilisha herufi ya toleo kutoka A kwenda B, andika kwenye kisanduku nini kimebadilika, hifadhi la zamani usilifute. Inaonekana kazi ya kitoto mpaka siku kontrakta amejenga kwa toleo la A.

Kabla hujampelekea mkubwa kitu, kichape, chukua kalamu ya rangi, pitia kila kipimo ukikiwekea alama. Anayekupa kazi ataanza kukuta makosa machache, ataanza kukupa kubwa zaidi, ni hivyo tu.

Jaza masaa yako kila jioni, kwa ukweli. Kama kitu kilikuchukua masaa tisa usiandike matano upendeze, bei ya kazi ijayo itapangwa kwa hayo matano na utateseka wewe mwenyewe.

Na kile kitabu cha kazi kiandike kila wiki ukiwa bado unakumbuka: mradi, ulifanya nini, hesabu gani, nani alikagua. Msimamizi asaini kila mwezi. Wasimamizi wanahama kampuni, wanaenda Qatar, wanastaafu, na kumtafuta mtu miaka mitatu baadaye akuwekee sahihi kwa kazi ya bimu asiyoikumbuka ni shughuli.